Namna ya kulinganisha darubini za bunduki ya kuwindia: msalaba, ubora na upatikanaji

Mtu anayekusudia kununua darubini ya bunduki kwa kawaida huanza kwa kuuliza inavuta mara ngapi. Katika misimu niliyofanya kazi ya kutunza bunduki kambini, kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii vya magharibi mwa Tanzania, swali hilo ndilo nililolisikia kuliko mengine yote, na mara chache sana ndilo lililoamua jambo. Katika misitu ya miyombo nyati hupigwa kwa umbali ambao mara nyingi haufiki mita 100, na kongoni, pofu au swala pala hupigwa kati ya mita 80 na 200, na kwa umbali huo karibu kila darubini iliyoko sokoni inavuta vya kutosha. Kinachotofautisha darubini moja na nyingine ni mambo matatu: mistari ya kulengea iliyomo ndani yake, uhodari wa kioo na mitambo yake, na kama mwenye bunduki ataweza kuipata pamoja na pete zake za kuifungia kwenye bunduki na fundi wa kuitengeneza itakapoharibika. Mambo hayo matatu hayasomeki vizuri katika karatasi ya muuzaji. Yanapimwa kwa ubao, tepu ya fundi seremala, na jioni moja au mbili za subira.

Niseme mapema kwamba ninayoyaandika yanamhusu mtu mwenye bunduki iliyosajiliwa na kibali cha kuwinda, iwe ni mwindaji bingwa, mteja wake, au mkazi mwenye leseni kutoka Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo msomaji wa huko atayatumia haya kwenye uwanja wa shabaha tu.

Anza na msalaba

Mistari inayoonekana ndani ya darubini nitaiita msalaba, kama tulivyokuwa tukiiita kambini, hata pale ambapo siyo msalaba mtupu bali ina vidoto, vijiti na namba. Miundo yake ni mingi, lakini inagawanyika katika makundi machache ambayo mnunuzi akiyafahamu hatababaishwa na majina ya kibiashara.

Kundi la kwanza ni msalaba wa mistari minene pembeni na myembamba katikati. Kampuni ya Leupold ya Oregon, Marekani, iliuleta sokoni mwaka 1962 na tangu hapo karibu kila mtengenezaji ameuiga. Kundi la pili ni ule wa Kijerumani unaojulikana kwa namba 4: nguzo tatu nene, mbili za pembeni na moja ya chini, zinazoelekea katikati, na upande wa juu ukiwa na uzi mwembamba peke yake. Kundi la tatu ni misalaba yenye vipimo, ambayo mstari wake wa wima una alama kadhaa chini ya kitovu, kila alama ikiwa ya umbali fulani. La nne ni kidoto chenye taa, ambacho katika darubini za ukuzaji mdogo hutumika macho yote mawili yakiwa wazi.

Kwa mtu anayemfuata nyati vichakani ningechagua namba 4 yenye kidoto cha taa kabla ya kingine chochote. Mnyama mweusi amesimama ndani ya kivuli cheusi, muda ni sekunde mbili au tatu, na uzi mwembamba wa msalaba unamezwa na ngozi yake mpaka mpigaji hajui kitovu kiko wapi. Nguzo nene hazimezwi, na jicho linazifuata lenyewe hadi katikati. Nimemwona mteja mwenye darubini ya bei kubwa, yenye msalaba wa vidoto zaidi ya 30, akiishusha bunduki kutoka kwenye fimbo za kuegemeza na kunong'ona kwamba anaona nyavu tu. Darubini ile haikuwa mbaya hata kidogo, isipokuwa ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyelala kifudifudi mbele ya bamba la chuma mita 800 mbali.

Baada ya umbo la msalaba, uliza kipimo chake. Vipimo vinavyotumika ni viwili. Mili ni pembe ambayo kwa mita 100 hufunika sentimita 10, na kwa mita 1,000 hufunika mita 1 kamili. Dakika ya pembe, ambayo ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja, hufunika takriban sentimita 2.9 kwa mita 100. Mtu aliyezoea mita atafanya hesabu za mili kichwani bila taabu, ilhali dakika ya pembe inamfaa zaidi anayefikiri kwa yadi na inchi. Lililo muhimu kuliko kuchagua kimojawapo ni kuhakikisha kwamba msalaba na vizungushio vya kurekebishia shabaha, vile vinavyolia kidogo kila vikisogea hatua moja, vinatumia kipimo kile kile. Zipo darubini, hasa za miaka iliyopita, ambazo alama za msalaba wake ni za mili ilhali kila mlio wa kizungushio ni robo ya dakika, na kwa kuwa mili moja ni sawa na dakika 3.44 hivi, mwenye darubini hiyo analazimika kugawanya na kuzidisha huku mnyama akiondoka. Kizungushio cha mili kwa kawaida husogeza sehemu ya 10 ya mili kwa kila mlio, yaani sentimita 1 kwa mita 100. Kizungushio cha robo dakika husogeza milimita 7 na kidogo.

Jambo linalofuata ndilo ambalo wanunuzi wengi hulipita, nalo ni mahali msalaba ulipowekwa ndani ya bomba. Msalaba unaweza kuwekwa mbele ya lenzi za ukuzaji au nyuma yake. Ukiwekwa mbele, unakua na kusinyaa pamoja na taswira kila unapozungusha pete ya ukuzaji, kwa hiyo mili moja inabaki kuwa mili moja wakati wote. Ukiwekwa nyuma, unabaki na unene ule ule machoni ilhali taswira ndiyo inayokua, na kwa sababu hiyo alama zake ni za kweli kwa ukuzaji mmoja tu, ambao aghalabu ni ule wa juu kabisa.

Tofauti hii nimeiona ikimponza mtu. Mteja mmoja alikuwa na darubini ya ukuzaji wa 3 hadi 9 yenye msalaba wa nyuma, ambayo alama yake ya kwanza chini ya kitovu ilikuwa mili 1.5 ikiwa darubini imefunguliwa mpaka 9, yaani sentimita 30 kwa mita 200. Tulimkuta kongoni akiwa peke yake ukingoni mwa mbuga, mteja akaupima umbali kwa kipimo chake cha leza, akapata mita 200 na ushee, akaegemeza bunduki kwenye fimbo na kutumia ile alama ya kwanza kama alivyozoea kwao. Risasi ilipita juu ya mgongo na kutimua vumbi nyuma ya mnyama. Tulipoichukua bunduki tuikague, pete ya ukuzaji ilikuwa kwenye 4.5, kwa kuwa asubuhi ile tulikuwa tukipita vichakani na alikuwa ameishusha. Kwa ukuzaji huo wa nusu, alama ya sentimita 30 ilikuwa imegeuka kuwa ya sentimita 60, na hilo lilitosha. Bahati nzuri hakumjeruhi.

Hata hivyo, sisemi kwamba msalaba wa mbele ni bora kwa kila mtu. Katika darubini za 1 hadi 6 au 1 hadi 8, msalaba wa mbele ukiwa kwenye 1 husinyaa mpaka unakaribia kutoweka, na hapo ndipo mwindaji wa nyati anapouhitaji zaidi. Kwa darubini ya vichakani, msalaba wa nyuma usio na alama yoyote ya umbali ni salama na rahisi, maana usipokuwa na alama huna la kukosea. Kwa darubini yenye alama ambazo unakusudia kweli kuzitumia, chukua msalaba wa mbele, au kama ni wa nyuma, jifunze kurudisha pete kwenye ukuzaji wa juu kabla ya kuzitegemea.

Kuna nyongeza moja ndogo kuhusu misalaba ya Kijerumani ya zamani iliyowekwa mbele. Katika miundo mingi ya namna hiyo nafasi kati ya nguzo mbili za pembeni ni sentimita 70 kwa mita 100, kipimo kilichotumika kukadiria umbali wa paa wa Ulaya. Anayejua kimo cha mnyama wake anaweza kuitumia kwa pofu au kongoni vilevile, ingawa siku hizi kipimo cha leza kimeifanya kazi hiyo ionekane ya kizamani.

Ubao, timazi na jiliwa

Usiamini namba za msalaba wala milio ya kizungushio mpaka umezipima, na kuzipima hakuhitaji risasi hata moja, wala hakuhitaji bunduki. Chukua kipande cha mbao ngumu, kifungie kikalio (kile kinachobeba pete juu ya bunduki) na pete mbili, weka darubini ndani yake, kisha ubane mbao hiyo kwenye jiliwa la fundi iliyofungwa imara mezani. Darubini mbili zikiwekwa hivyo kwa zamu, katika mahali pamoja, zinalinganishwa kwa haki. Kama huna budi kutumia bunduki yenyewe, toa komeo lake, hakikisha chemba ni tupu, na uilaze juu ya viroba vya mchanga vilivyojazwa vizuri.

Kisha tengeneza ubao. Mimi hutumia plaiwudi iliyopakwa rangi nyeupe, yenye urefu wa mita moja na nusu, ambayo juu yake nimechora mistari ya mlalo kila baada ya sentimita 5 kwa kalamu ya wino mzito, na mstari mnene kila baada ya sentimita 25. Katikati ya ubao ninaning'iniza timazi ya mwashi, na kando yake nabandika ukurasa wa gazeti, ambao utakuwa na kazi yake baadaye. Ubao unasimamishwa mita 50 kamili kutoka kwenye lenzi, na neno kamili lichukuliwe kama lilivyo, kwa sababu ukikadiria kwa hatua na kumbe umesimama mita 48, utakuwa umeingiza kosa la asilimia 4 ambalo utaisingizia darubini isiyo na hatia.

Kwa mita 50, mili moja ni sentimita 5. Angalia basi kama alama za msalaba zinaangukia juu ya mistari ya ubao: alama ya mili 1 iguse mstari wa kwanza chini ya kitovu, ya mili 2 iguse wa pili, na kuendelea. Kama msalaba ni wa nyuma, fanya hivyo kwenye ukuzaji wa juu, kisha punguza ukuzaji polepole uone alama zinavyohama. Mtu akifanya zoezi hili mara moja kwa macho yake hatasahau tena tofauti ya msalaba wa mbele na wa nyuma, hata kama alisoma kurasa 10 kabla yake bila kuelewa.

Baada ya alama, pima vizungushio. Weka kitovu cha msalaba juu ya mstari wa juu kabisa wa ubao, kandokando ya uzi wa timazi, halafu zungusha kizungushio cha kimo kuelekea juu milio 50, ukihesabu kwa sauti. Kitovu kitateremka ubaoni, jambo linalowashangaza wanaolifanya kwa mara ya kwanza, lakini ndivyo inavyopaswa kuwa, maana msalaba ukishuka mtutu unalazimika kupanda. Kwa kizungushio cha sehemu ya 10 ya mili, milio 50 ni mili 5, kwa hiyo kitovu kiwe kimeteremka sentimita 25 barabara. Kwa kizungushio cha robo dakika, milio 40 ni dakika 10, na kitovu kiwe kimeteremka sentimita 14 na nusu. Rudisha milio ile ile, na kitovu kirejee pale kilipoanzia. Rudia mara tano. Darubini dhaifu hujidhihirisha hapa: itashuka sentimita 24 mara ya kwanza, 25 mara ya pili, na mara ya tatu haitarudi mahali pake mpaka uigonge kwa kidole. Darubini inayohitaji kugongwa kwa kidole usiinunue kwa bei yoyote.

Wakati kitovu kinateremka, kitazame kama kinafuata uzi wa timazi au kinajitenga nao. Kama mstari wa wima umelingana na uzi huku kitovu kikienda upande, msalaba na kizungushio havikupangwa sawasawa kiwandani. Upindaji wa nyuzi 3 katika mwendo wa mili 5 unamsogeza mtu zaidi ya sentimita 1 pembeni kwa mita 50, na kwa mita 200 zaidi ya sentimita 5. Kwa anayerekebisha darubini mara moja kwa mwaka na kuiacha, kasoro hiyo inavumilika. Kwa anayezungusha kizungushio kila anapopiga mbali, haivumiliki.

Kioo

Watu wakisema darubini ni safi, mara nyingi wanamaanisha kwamba waliitazama mchana wa jua kali dukani, wakaelekeza jengo la ng'ambo ya barabara, wakaridhika. Katika mwanga wa saa sita mchana darubini ya dola 150 na ya dola 2,500 zinakaribiana mno. Zinapoachana ni wakati wa magharibi, jua likizama. Ndiyo maana nilisema jioni moja au mbili zinahitajika, na muuzaji anayekataa kukusubiri mpaka saa kumi na mbili na nusu amekwisha kukujibu.

Hapa ndipo ule ukurasa wa gazeti unapotumika. Zipange darubini zote mbili zikiwa kwenye ukuzaji mmoja, tuseme 6, lenga kwenye gazeti, na usome vichwa vya habari. Jua likishazama endelea kusoma kwa kupokezana, nusu dakika kwa hii na nusu dakika kwa ile, na uandike saa na dakika ambapo kila moja iliacha kukuonyesha herufi. Mweke mtu wa pili afanye vivyo hivyo bila kumwambia ulichokiona wewe. Kwa yale niliyoyapima mwenyewe, tofauti kati ya darubini ya daraja la kati na ya daraja la juu ni ya dakika chache tu, na kila mmoja ataamua mwenyewe kama dakika hizo zina thamani ya fedha zinazoombwa.

Kabla hajaamua, azingatie mahali anapowinda. Lenzi kubwa za mbele za milimita 56 zilisifika Ujerumani na Austria, ambako mwindaji hukaa juu ya kichanja akimsubiri nguruwe mwitu chini ya mbalamwezi, na ambako machweo ya kiangazi huchukua muda mrefu. Kwetu jua likishazama giza hufika ndani ya dakika 20 na ushee, na kuwinda usiku hakuruhusiwi na sheria. Lenzi ya milimita 56 hapa inakuwa uzito wa kubebwa, tena inalazimisha pete ndefu zinazoinua darubini mpaka shavu linaacha kukaa juu ya kitako cha bunduki. Aliye na sababu ya kweli ya kununua kioo cha juu ni anayemvizia chui kwenye chambo, kwa kuwa chui hufika katika zile dakika za mwisho za mwanga halali.

Hesabu moja husaidia kuondoa udanganyifu. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, na utapata upana wa duara la mwanga linalofika kwenye jicho. Darubini yenye lenzi ya 42 ikiwa kwenye 6 inatoa milimita 7. Yenye lenzi ya 24 ikiwa kwenye 6 inatoa 4. Yenye 40 ikiwa kwenye 9 inatoa 4.4. Mboni ya kijana gizani hufunguka kufikia milimita 7 hivi, na ya mtu wa makamo hukaribia 5, kwa hiyo mwanga wa ziada unaotoka kwenye darubini hauna pa kuingilia. Mwenye lenzi ndogo naye anaweza kupunguza ukuzaji jioni akaongeza mwanga bila kulipa senti.

Yaliyobaki kuhusu kioo yanaonekana kwa macho. Utando unaopakwa kwenye lenzi kuzuia mng'ao, ambao ulibuniwa katika kampuni ya Zeiss mwaka 1935, ndio unaookoa mwanga, maana kila uso wa kioo kisicho na utando hupoteza takriban asilimia 4, na ndani ya darubini nyuso ni nyingi. Tafuta maneno yanayosema kwamba nyuso zote zimepakwa tabaka nyingi, siyo baadhi. Elekeza darubini karibu na jua linalotua, lakini kamwe siyo kwenye jua lenyewe, uone kama ukungu mweupe unatanda ndani. Tazama tawi kavu mbele ya anga na uchunguze kama kingo zake zina rangi ya zambarau. Kisha washa taa ya msalaba kwenye kiwango cha chini kabisa wakati wa magharibi: taa nyingi za bei nafuu hata zikipunguzwa kabisa bado zinamwaga wekundu unaolipofusha jicho, na kasoro hiyo mchana huwezi kuigundua.

Teke, vumbi na barabara

Kanuni za Tanzania zinataka bunduki ya kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, isiyopungua inchi .375 kwa wanyama hatari, na teke la bunduki hiyo ndilo linalotenganisha darubini imara na pambo. Kwanza pima umbali kati ya jicho na darubini pale ambapo taswira inajaa duara lote. Kwa kaliba hii sentimita 9 au 10 ndizo ninazozitaka, na chini ya 8 nakataa; nyusi zenye kovu la mwezi mchanga ni alama ya walioona sentimita 7 zinatosha. Upime umbali huo kwenye ukuzaji wa chini na wa juu, kwa sababu baadhi ya darubini huufupisha kadiri unavyozidisha ukuzaji, jambo ambalo sanduku halilitaji.

Uimara wa ndani hauwezi kupimwa mezani, bali kwa kupiga. Risasi 20 za .375 kwenye uwanja wa shabaha, kundi la tatu tatu, zitakuonyesha kama kitovu kinahama. Skrubu za pete zikazwe kwa bisibisi yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji wa pete, ambayo mara nyingi haizidi sana nyutoni mita 2. Barabara za changarawe na Land Cruiser vitazilegeza skrubu zilizokazwa kwa makisio, na mwenye bunduki atailaumu darubini.

Upatikanaji

Katika jambo hili msomaji wa Afrika Mashariki analingana kidogo sana na mnunuzi wa Ulaya au Marekani. Kwanza, Marekani huhesabu darubini za bunduki miongoni mwa bidhaa zinazodhibitiwa zinapotoka nje ya nchi, kwa hiyo maduka mengi ya mtandaoni ya huko yatakataa oda yenye anwani ya Dar es Salaam au Arusha, au yatataka leseni ambayo gharama na usumbufu wake haulingani na darubini moja. Pili, kabla ya kuagiza kutoka popote, nenda ukaulize kwa polisi wanaosimamia usajili wa silaha ni karatasi gani zinazohitajika, upewe jibu kabla fedha hazijatoka. Njia iliyo nyepesi kwa wengi ni kununua kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni hapa nchini, ingawa atakuwa na aina tatu au nne tu, au kununua darubini iliyotumika ambayo tayari iko ndani ya nchi kihalali.

Watengenezaji wenyewe unaweza kuwapanga kwa makundi. Swarovski ya Absam na Kahles ya Guntramsdorf, karibu na Vienna, nchini Austria, pamoja na Zeiss na Schmidt & Bender za Ujerumani, ndizo zinazotajwa kwanza na wawindaji wenye uwezo, na aina zake za juu huzidi dola 2,000. Meopta ya Přerov, katika Jamhuri ya Cheki, hutoa kioo cha kuheshimika kwa bei ya chini ya hizo, na kwa maoni yangu hupuuzwa bila sababu. Leupold ina aina nyepesi zilizo chini ya dola 500 ambazo umbali wake wa jicho ni mzuri kwa bunduki zenye teke. Vortex ya Wisconsin inafahamika kwa dhamana ya maisha isiyodai risiti, lakini darubini zenye nembo hiyo moja hutengenezwa katika nchi mbalimbali, zikiwemo Japani, Ufilipino na China, na madaraja yake yanatofautiana sana; kwa hiyo linganisha aina na aina, usilinganishe nembo na nembo.

Dhamana ya maisha nayo itazamwe kwa macho makavu. Ahadi ya kutengenezewa bure inakuwa na maana ikiwa unaweza kuipeleka darubini kiwandani na kuirudisha, na msimu wetu kambini ulikuwa ukianza Julai na kuisha Desemba. Muulize muuzaji maswali haya: nani atakayeipokea ikiharibika, itapita njia gani, na itarudi baada ya muda gani? Akijibu kwa kutaja dhamana tu bila kutaja njia, hesabu kwamba dhamana haipo.

Uliza pia pete. Mabomba ya darubini aghalabu ni ya milimita 25.4, 30 au 34, na pete za moja hazishiki nyingine. Niliwahi kuagiza darubini ya bomba la 30 kupitia duka moja mjini, nikaahidiwa pete zake ziko ghalani, na zilipofika zilikuwa za 25.4, za kweli zilifika mwezi Novemba, darubini ikiwa imekaa kabatini karibu msimu mzima. Tangu siku hiyo silipi darubini mpaka nimeziona pete na kikalio kinachoingia kwenye bunduki yangu, zote tatu zikiwa juu ya meza moja. Uliza vilevile betri ya taa ni ya namna gani. Ile bapa ya CR2032 inapatikana mpaka kwenye maduka ya saa na vifaa vya umeme ya miji midogo, na nyingine hazipatikani.

Bidhaa bandia zipo, na Leupold yenyewe imewahi kuwatahadharisha wateja kuhusu darubini za kughushi zinazobeba nembo yake. Namba ya darubini isomwe kwenye bomba, isilinganishwe na sanduku peke yake, na iulizwe kwa mtengenezaji kabla ya malipo. Kwa darubini iliyotumika, tazama alama za pete kwenye bomba: mikwaruzo ni ya kawaida, lakini bomba lililobonyea pale lilipobanwa limekwisha kuumizwa ndani. Kisha ipeleke kwenye jiliwa na ubao kama nilivyoeleza, kwa maana milio 50 ya kwenda na 50 ya kurudi inasema ukweli kuliko mwenye kuiuza.

Kama bajeti inaruhusu, gawanya fedha za darubini moja ya fahari zipate kununua mbili za daraja la kati zilizofaulu mtihani wa ubao, zenye msalaba wa namna moja. Ya pili ifungwe ndani ya pete zake za kunasua haraka, iwekewe shabaha kwenye bunduki ile ile, iandikwe umbali wake kwa kalamu kwenye utepe uliobandikwa juu ya bomba, halafu izungushiwe kitambaa na kuwekwa kwenye sanduku la risasi. Ya kwanza ikianguka kutoka juu ya gari, kuibadilisha ni kazi ya dakika tano na risasi mbili za kuhakikisha.